Kinachowafanya Watu Wakutazame: Mazungumzo na Vijana wa Kamere

*Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa maendeleo ya vijana katika kikao cha vijana na wazazi ufuoni Kamere, Kaunti Ndogo ya Naivasha. Tunayachapisha kwa ombi la wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.*

 

Nilipokuwa hapa mara ya mwisho, nilikuja kuzungumza kuhusu mikopo ya vikundi. Nilimaliza, nikauliza kama kuna swali. Mkono mmoja tu uliinuka, na swali lenyewe halikuwa la mikopo. Kijana aliniuliza, "Afisa, nifanye nini nijulikane mtandaoni?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kwa nini anauliza. Nitawaeleza baadaye, kwa ruhusa yake. Nilimwahidi kwamba nikirudi nitakuja na jibu.

Nimelichukua swali hilo kama kazi. Nimetazama video nyingi kuliko mke wangu alivyopenda. Nimewatazama wanaofuatwa sana hapa Kenya, nimewatazama wa Tanzania, nimewatazama wa ng'ambo, nikijiuliza kila mara: huyu ana nini ambacho jirani yake hana? Ni kamera? Ni sura? Ni pesa? Ni bahati?

Na wazee wangu, msidhani haya ni mambo ya watoto. Mwaka 2023 Taasisi ya Reuters iliyo Chuo Kikuu cha Oxford ilitoa ripoti kuhusu jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyotumia mitandao. Katika utumiaji wa TikTok, Kenya iliongoza: asilimia 54 ya Wakenya waliohojiwa mtandaoni walisema wanautumia mtandao huo. Hata nyinyi mliokaa hapo mbele mkiniangalia kwa ukali, najua simu zenu zina nini.

Tuanze na Mzee Ojwang'

Kabla ya simu hizi, kulikuwa na Vitimbi kwenye runinga ya KBC. Nyumba moja yenye runinga ilikusanya mtaa mzima. Mzee Ojwang' akifungua mdomo tu, watu wanaanguka. Mama Kayai akiweka mkono kiunoni, kila mtu anajua kinachofuata.

Aliyeigiza Mzee Ojwang' ni marehemu Benson Wanjau, aliyetuacha Julai 2015. Jina lake linawaambia kwamba hakuwa Mjaluo. Mama Kayai ni Mary Khavere, na jina hilo nalo mnajua linatoka upande gani. Lakini kutoka Kisumu hadi Nyeri, watu waliwaona wawili hao kama mzee na mama wa nyumbani kwao. Hapa Kamere tumetoka pande zote za nchi kuja kutafuta riziki kwenye maua na kwenye ziwa, kwa hiyo mnaelewa ninachosema. Mtu alicheka kwa sababu alimwona baba yake mwenyewe pale: mzee mbishi, anayejua kila kitu, na bado anaumbuka mbele ya mke wake.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Watu humfuata mtu anayewafanya wajitambue. Mtazamaji akisema, "Ala! Hivi ndivyo mama yangu anavyofanya," amekwisha kukaa kitako.

Sasa waangalieni wa leo. Timothy Kimani, tunayemwita Njugush, na mkewe Celestine Ndinda wamejenga jina kwa mambo ya nyumbani: mume na mke, mtoto, pesa zilizoisha kabla ya mwezi. Kennedy Odhiambo, yaani Crazy Kennar, alianza akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, akichekesha kwa maisha ya shule na ya mtaa ambayo kila Mkenya ameyapitia. Elsa Majimbo alivuma mwaka 2020, wakati wa korona, akiwa ndani ya nyumba na simu, miwani ya jua na pakiti ya krispi. Alikuwa akisema kwa sauti yale ambayo wengi tuliogopa kusema: kwamba hatuna hamu ya kwenda popote wala kumwona mtu yeyote. Mwaka huohuo alishinda tuzo ya nyota wa mitandao wa Afrika katika Tuzo za People's Choice kule Marekani.

Na kuna kijana wa Kimaasai wa Tanzania, Kili Paul. Yeye na dada yake Neema walijirekodi wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, wamevaa shuka zao, nyuma yao ni miti na ng'ombe wa nyumbani. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini Tanzania ulimtunuku Kili, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao katika mazungumzo yake ya redio. Jambo lililonigusa ni kwamba hakuficha anakotoka. Wahindi waliona nyimbo zao ndani ya boma la Kimaasai, na wakajiona.

Hapa kwetu nimeona kinyume. Kijana wa Kamere anapanda matatu hadi mjini, anasimama kando ya gari la mtu asiyemjua, anarekodi, kisha anashangaa mbona hakuna anayetazama. Magari kama hayo yako kila mji duniani. Lakini nani mwingine anaweza kuonyesha viboko wakirudi majini alfajiri wakati wafanyakazi wanasubiri basi la shamba? Nani anajua, kama mama aliyesimama pale, namna ya kumjua samaki wa jana anayeuzwa kama wa leo? Waridi linalotolewa zawadi Ulaya tarehe 14 Februari limepita mikononi mwenu. Mnazo hadithi. Mnazidharau kwa sababu mmezizoea.

Mtazamaji ana haraka

Jibu la pili ni muda. Mitandao hii haichaguliwi na mtu aliyekaa ofisini akiangalia video moja moja. Ni mfumo wa kompyuta unaopima. Zamani YouTube ilihesabu zaidi ni mara ngapi video imefunguliwa. Watu wakawa wajanja, wakaweka picha na vichwa vya uongo ili watu wafungue tu. Mwaka 2012 YouTube ikabadilisha kipimo, ikaanza kuangalia mtu amekaa dakika ngapi. Mitandao mingine nayo hutazama mambo kama hayo: umetazama hadi mwisho? Umerudia? Umemtumia rafiki? Ukikaa, video hiyo inapelekwa kwa watu wengine zaidi. Ukiiruka, inafia hapo.

Kwa hiyo yule anayeanza kwa kusema, "Hamjambo marafiki, karibuni tena kwenye ukurasa wangu, kabla sijaanza naomba…" amewapoteza watu kabla hajasema neno lolote la maana. Fanya kama muuza samaki stadi. Hakuelezi historia ya ziwa. Anainua samaki, unamwona, ndipo mnaongea bei.

Mfano mzuri ni Khaby Lame, aliyezaliwa Senegal na kukulia Italia. Machi 2020 alipoteza kazi yake kiwandani. Mnaikumbuka Machi hiyo. Ndiyo Machi ambayo wengi wenu mlirudishwa nyumbani na waridi zikatupwa kwa kukosa ndege na soko. Khaby alianza kuchukua video za watu wanaofanya jambo rahisi kwa njia ngumu, kisha yeye analifanya kwa njia rahisi, ananyosha mikono, na kukuangalia kama anayeuliza, "Si ni hivi tu?" Hasemi neno. Hana haja ya mkalimani. Juni 2022 akawa ndiye anayefuatwa na watu wengi kuliko wote kwenye TikTok.

Wanaorudi kesho

Jibu la tatu halipendwi, lakini lazima niliseme. Karibu kila anayeonekana kuvuma kwa usiku mmoja, alikuwa akifanya kazi usiku mwingine mwingi ambao hatukuuona. Mmarekani Jimmy Donaldson, anayejiita MrBeast, alianza kuweka video mwaka 2012 akiwa na miaka 13. Video iliyomtoa, ile aliyohesabu kutoka moja hadi laki moja, aliiweka Januari 2017. Hiyo ni karibu miaka mitano. Katika miaka hiyo alikuwa akichambua na wenzake kwa nini video hii imetazamwa na ile imekataliwa. Juni 2024 akaunti yake ikawa na waliojisajili wengi kuliko zote kwenye YouTube.

Bahati ipo, sitawadanganya. Azziad Nasenya alivuma Aprili 2020 kwa kucheza wimbo "Utawezana" wa Femi One na Mejja. Vijana wengi walicheza wimbo huohuo. Yeye mlango ulipofunguka, aliingia na akaendelea kufanya kazi, hadi kwenye utangazaji na matangazo ya biashara. Bahati humfungulia mtu mlango mara moja. Kesho yake watu wanarudi kuona una nini kingine.

Kuvuma kwa kelele

Sasa nifike kwa yule kijana. Yuko hapa leo. Amenikubalia niseme, na tumekubaliana nisitaje jina wala mwaka.

Kijana huyu alikuwa akiweka video zake na kupata watazamaji wachache, marafiki na binamu. Jioni moja upepo ulichafuka ziwani, na mashua ikapinduka. Asubuhi wavuvi wenzake walimtoa mwenzao majini. Mnajua mambo hayo, wengine wenu mlisaidia kubeba. Kijana wetu alikuwa amesimama ufuoni na simu mkononi. Alirekodi yote. Aliiweka video mtandaoni kabla hata hajatokea mtu wa kuleta shuka la kumfunika marehemu.

Kufikia jioni, video hiyo ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko video zake zote za awali zikijumlishwa. Simu haikunyamaza. Aliniambia kwamba kwa saa chache alijiona ameshafika.

Mama wa marehemu anaishi magharibi mwa nchi. Siku hiyo alikuwa sokoni na mboga zake. Hakuna aliyekuwa amempigia. Wazee wa familia walikuwa bado wanashauriana nani ampe habari, na kwa maneno gani. Muuzaji wa meza ya jirani akamwonyesha simu, bila kujua, akisema, "Hebu ona mambo ya Naivasha." Nimewaambia kwamba watu hutazama pale wanapotambua kitu. Mama huyo naye alitambua. Alitambua shati. Yeye ndiye aliyelinunua.

Kijana alipopata habari hiyo aliifuta video, lakini ilikuwa imeshasambazwa na wengine, na hadi leo hajui iko kwenye simu ngapi. Baadaye alikwenda na wazee wawili kuomba msamaha. Ndipo aliporudi na kuniuliza lile swali mliloliona ni la kuchekesha. Alikuwa ananiuliza kama kuna njia nyingine.

Nataka tulichambue jambo hili bila kumpiga mawe, kwa sababu kati ya waliokaa hapa kuna walioitazama na kuisambaza. Wiki iliyofuata aliweka video zake za kawaida. Watazamaji walirudi kuwa walewale wachache. Wale maelfu hawakuwa wamekuja kumwona yeye. Walikuja kuona maiti, na walipomaliza wakaenda kuitafuta nyingine. Ndivyo ilivyo kwa matusi, kwa ugomvi wa kupangwa, kwa kumchochea kabila fulani, kwa kumrekodi mlevi aliyeanguka barabarani. Namba hupanda kweli. Lakini watu wa namna hiyo hawana habari nawe, na ukitaka wabaki itabidi kila wiki uwaletee jambo baya kuliko la wiki iliyopita. Naivasha hii inajua maneno ya chuki yanaweza kufikisha watu wapi. Sina haja ya kuwakumbusha Januari 2008.

Sheria na usalama

Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kujieleza, na kifungu hichohicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi na matamshi ya chuki. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Msidhani iko kwenye makaratasi tu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja ya burudani ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja bila ruhusa yake. Kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Mtoto, ruhusa ni ya mzazi. Ukiwa kazini shambani, ruhusa ni ya mwajiri, na ya mwenzako unayemrekodi. Video ya dakika moja isikupotezee ajira.

Na viboko, jamani. Kiboko hajui kwamba unarekodi. Usimsogelee kwa ajili ya picha, hasa jioni na alfajiri akiwa nchi kavu, na usisimame kati yake na maji. Ukipanda mashua kwenda kurekodi, vaa jaketi la kuokolea. Na ukimwona mtu anazama, simu yako ina kazi moja tu: kuita msaada.

Pesa

Wengi wenu mnataka kujua kuhusu pesa, na mna haki. YouTube hukubali kugawana nawe mapato ya matangazo ukiwa na watu 1,000 waliojisajili, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Njia nyingine ni video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Tupige hesabu pamoja. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kila mtu akikaa nusu dakika kwenye video yako, unahitaji kutazamwa mara 480,000. Akikaa dakika nne, unahitaji mara 60,000 tu. Mnaona sasa kwa nini nilisema muda wa mtazamaji ni mali?

Facebook nayo, mwaka 2024, ilitangaza kuwafungulia Wakenya njia ya kulipwa kupitia matangazo. Na ukianza kulipwa, kumbuka kwamba Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni.

Lakini waliofaulu hawategemei matangazo pekee. Njugush na mkewe walichukua watu waliowapenda kwenye simu wakawaita ukumbini, wakalipa kiingilio. Ufuasi ulio mdogo lakini wa kweli unaweza kuuza tiketi, kuuza samaki, kuuza miche, kuuza kazi ya fundi. Na mtu akikuambia umtumie pesa kwa M-Pesa ili akuongezee wafuasi, huyo anakuuzia hewa. Wafuasi wa kununuliwa hawatazami, na mfumo unaona kwamba hawatazami.

Maswali matatu kabla ya kuweka video

Kabla hujaiweka, jiulize mambo matatu. La kwanza: ni nani atakayejiona humu na kufurahi? La pili: je, kuna mtu atakayejiona humu na kulia? La tatu: mtu akiipenda hii, nina nini cha kumpa wiki ijayo? La kwanza na la tatu likikosa jibu, rudi ukafikirie tena. La pili likiwa na jibu la ndiyo, ifute.

Wazazi, nanyi mnayo kazi. Msimwambie mtoto kwamba simu ni upuuzi, kisha usiku mnacheka na simu zenu. Kaeni naye. Mwulizeni anataka kuonyesha nini. Mkiwa na ujuzi, mpeni autangaze. Mama anayejua kukausha samaki, baba anayejua kushona nyavu, hayo ni mambo ambayo watu wanatafuta.

Yule kijana, naona ameinamisha kichwa hapo nyuma. Siku hizi kila asubuhi anaonyesha samaki walioshushwa hapa ufuoni, ni wa aina gani na ni bei gani, kwa dakika moja, kwa sauti yake ya kawaida. Huomba ruhusa kwa wavuvi. Bado hajavuma. Wanaomtazama ni wachache. Lakini mama mmoja anayetoka upande wa mjini aliniambia kwamba humtazama kabla ya kupanda gari, ili ajue kama kuna samaki au ni nauli ya bure. Siku kijana huyo alipougua na kukosa kuweka video, akina mama walimpigia simu kuuliza yuko wapi.

Mwanangu, uliniuliza ufanye nini ujulikane. Hao tayari wanakujua.

Nani ana swali? Na lile la mikopo ya vikundi bado ninalingoja.